Kelele za Miksa ya Zamani na Maana Yake

HATI YA KIPINDI: SEHEMU YA UFUNDI

[MUZIKI UNAINGIA, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Salamu kwenu mlioko Nyarugusu, Nakivale, Kakuma, Dzaleka, na wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo kwa sababu betri ya redio imeisha. Leo tunazungumzia miksa. Lile sanduku pana lenye vitufe vingi linalokaa katikati ya maiki na amplifaya, ambalo vijana wa kwaya wanaligombania na wazee wanaliogopa.

Mtu atauliza, kipindi kizima kwa ajili ya miksa? Ndiyo. Miksa inayopiga nyimbo Jumapili kanisani ndiyo hiyo hiyo inayoazimwa Jumatatu kutangaza siku ya mgao, na siku nyingine inatangaza chanjo ya watoto, na jioni inaita jina la mtoto aliyepotea sokoni. Ikikatika katikati ya tangazo, mtu anasikia "mgao wa familia za kanda ya tatu ni siku ya..." halafu kimya. Anamuuliza jirani, na jirani naye amesikia nusu. Kesho yake kuna foleni ya watu waliokuja siku isiyo yao.

Na miksa tulizo nazo wengi wetu ni za zamani. Zilitengenezwa miaka ya 1980 au 1990, zikafanya kazi Ulaya au Marekani, zikachoka, zikauzwa, zikafika huku kama mitumba. Si jambo la kudharau. Mwaka 1973, Uingereza, kampuni ya Soundcraft ilitoa miksa yake ya kwanza, Series 1, iliyojengwa moja kwa moja ndani ya sanduku la safari ili bendi ibebe na kuondoka. Tangu siku hizo miksa za jukwaani zimetengenezwa zikijua kwamba zitatupwa kwenye lori. Ndani yake hakuna kompyuta. Kila chaneli ina vipande vyake, na fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuvitoa kimoja kimoja. Mimi nazipenda kuliko zile ndogo mpya za bei rahisi ambazo zikifa zimekufa.

Lakini zina tabia. Kila kelele ya miksa ya zamani ina maana, na ukijua kuisikiliza unaweza kujua ugonjwa kabla ya kufungua hata skrubu moja.

[SAUTI: MTU ANAHESABU KWENYE MAIKI. SAUTI INAFIFIA, INAPOTEA, KISHA INARUDI GHAFLA]

MTANGAZAJI: Umesikia? Sauti ilikuwepo, ikafifia, ikaondoka, halafu mtu alipopaza sauti ikarudi yenyewe. Hii ndiyo kasoro inayofanya watu wengi watupe maiki nzima. Wanabadilisha maiki, wanabadilisha waya, kwa muda inaonekana imepona, kisha inarudia.

Mara nyingi kosa liko nyuma ya miksa. Angalia karibu na tundu la maiki. Kwenye miksa nyingi kuna tundu jingine la duara, dogo, limeandikwa INSERT. Tundu hilo lipo ili mtu aweze kuitoa sauti nje, aipitishe kwenye mashine nyingine, kisha airudishe. Sisi wengi hatulitumii kabisa, na hapo ndipo shida inapozaliwa. Ndani ya tundu kuna vibati viwili vidogo vinavyogusana. Kama hakuna plagi iliyochomekwa, sauti yote ya chaneli hiyo inapita kwenye mguso wa vibati hivyo. Ukichomeka plagi vinaachana. Sasa fikiria vibati hivyo vimegusana miaka 20 bila kusogezwa, kwenye vumbi jekundu la Kigoma au upepo wa Turkana. Vinapata kutu nyembamba. Sauti ndogo haiwezi kuvuka kutu, sauti kubwa inavunja na kupita. Ndiyo maana mhubiri anayepiga kelele anasikika na mama anayetangaza kwa upole hasikiki.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Shusha sauti kuu, chukua plagi ya jeki inayoingia kwenye tundu hilo, ichomeke na kuichomoa mara kumi au kumi na tano. Unavisugua vibati. Fanya hivyo kwa kila chaneli, hata zile nzima, mara moja kwa mwezi.

Ikirudi baada ya siku mbili, kuna njia ya kuvuka mpaka fundi apatikane. Plagi ya jeki ya stirio ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Unganisha ncha na pete kwa kipande kifupi cha waya ndani ya plagi, shina liache peke yake, kisha ichomeke kwenye INSERT na uiache hapo. Sauti inatoka na kurudi kupitia plagi, haihitaji tena vile vibati. Plagi moja ya zamani inaokoa chaneli nzima.

[SAUTI: MIKWARUZO, KAMA MTU ANAKANYAGA MAJANI MAKAVU]

MTANGAZAJI: Hii kila mtu anaijua. Unapandisha sauti, inakwaruza. Vile vidude vinavyoteleza juu na chini mafundi wanaviita feda. Ndugu zangu wa Uvira na Fizi msicheke, siyo feza za mfukoni. Tuko hapa na fundi wetu, mzee ambaye ametengeneza redio tangu kabla mimi sijazaliwa. Shikamoo mzee.

FUNDI: Marahaba mwanangu.

MTANGAZAJI: Mzee, feda ikikwaruza tufanye nini?

FUNDI: Kwanza niambie msichofanya. Msimwage mafuta ya kupikia. Nimeletewa miksa hapa inanuka kama chapati.

MTANGAZAJI: [ANACHEKA] Lakini ilitulia?

FUNDI: Ilitulia siku mbili. Mafuta yanakamata vumbi, vumbi linakuwa matope, matope yanakula ule mstari mweusi. Ndani ya feda kuna mstari mweusi wa kaboni, na kuna kijiko kidogo cha bati kinachotembea juu yake. Ukiula ule mstari, feda imekwisha, utatafuta nyingine. Hata yale mafuta ya kopo ya kulegeza nati zenye kutu, hayo siyo ya feda.

MTANGAZAJI: Basi tutumie nini?

FUNDI: Brashi laini, kavu. Zima mashine, iinamishe, piga brashi vumbi litoke nje, siyo liingie ndani. Kisha telezesha feda juu chini mara hamsini. Nusu ya ugonjwa inaondoka hapo bila senti moja. Kama haitoshi, tafuta dawa ya kopo ya kusafishia miguso ya umeme. Kidogo tu. Isipokuwepo, spiriti safi isiyo na maji mengi, na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

MTANGAZAJI: Na ikisafishwa lakini bado inakwaruza?

FUNDI: Hapo ndipo vijana wengi wanapopotea, wanasafisha mara tano, mara sita. Sikiliza. Ikikwaruza ukiigusa tu, ni uchafu. Ikikwaruza ukiigusa hata baada ya kusafishwa vizuri, shuku kapasita iliyo mbele yake. Kazi ya kapasita ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Ikizeeka inavujisha. Umeme ukifika kwenye feda, hata feda mpya itakwaruza. Na ikikwaruza bila mtu kuigusa, hiyo siyo feda kabisa, ni kiungo kilicholehemiwa kimepasuka, au kipande ndani kinakufa.

MTANGAZAJI: Kapasita inazeeka kwa miaka mingapi?

FUNDI: Inategemea joto. Ndani yake kuna maji maji, yanakauka. Ukiongeza joto nyuzi 10, maisha yake yanapungua karibu nusu. Sasa mnaiweka chini ya bati, saa nane mchana, halafu mnaifunika kitenge juu ya matundu ya hewa ili ipendeze.

MTANGAZAJI: Asante mzee. Kitenge tutakitoa.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Sasa naomba hata anayepika asogee karibu na redio.

[SAUTI: MUUNGURUMO MZITO WA CHINI, HAUBADILIKI]

MTANGAZAJI: Muungurumo. Mmmmm. Umeme wa gridi na wa jenereta katika nchi zetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na ndio huo unaousikia. Sababu yake ya kawaida ni hii. Miksa iko nyuma ya watu, amplifaya iko mbele mita 30. Kila moja imechomekwa kwenye soketi yake, na kila moja ina waya wa ethi unaokwenda ardhini. Halafu waya wa sauti unaotoka kwenye miksa hadi amplifaya una ngao ya nje, na ngao hiyo nayo inaunganisha chuma cha mashine moja na cha nyingine. Kwa hiyo kuna njia mbili kati ya mashine hizo, na zinafanya duara. Umeme mdogo unazunguka kwenye duara hilo, miksa inaudhani ni sauti, inaupaza.

Na sasa vijana wanafanya nini? Wanakata ethi. Wanavunja ile pini ya tatu, au wanafungua plagi wanatoa waya wa kijani na njano. Muungurumo unanyamaza, wanapigiwa makofi. Kuna na namna nyingine ambayo hatuiiti kukata lakini ni ile ile. Soketi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi ni za matundu matatu bapa. Mashine nyingi zilizotoka Kongo na Burundi zina plagi ya miguu miwili ya duara. Mtu anachukua kalamu au kijiti, anakisukuma kwenye tundu la juu ili milango ya ndani ifunguke, anaisukuma plagi kwa nguvu. Inawaka. Lakini ethi haipo.

Ethi ina kazi moja. Waya wa moto ukilegea ndani ya mashine ukagusa bati, ethi inauteka umeme huo na fyuzi inakatika. Ethi ikiwa imekatwa, fyuzi haijui kitu. Bati la miksa linakuwa na umeme, ngao ya waya wa maiki inakuwa na umeme, na maiki yenyewe ni chuma. Inamsubiri mtu atakayeishika huku amegusa kitu kingine chenye ethi, au amesimama bila viatu kwenye udongo uliolowa.

Hili halitokei kambini tu. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikuwa jukwaani mbele ya watu. Alishika maiki ambayo haikuwa na ethi, huku ana gitaa lake. Umeme ulimpiga akafa. Alikuwa na miaka 27.

Kwa hiyo muungurumo unautibu hivi. Kwanza, chomeka miksa na amplifaya kwenye chanzo kimoja, ekstensheni moja nzuri yenye ethi, hata kama lazima uvute waya mrefu. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Pili, kama bado unanguruma, kwenye waya wa sauti wenye pini tatu kata ngao upande mmoja tu, upande unaoingia kwenye amplifaya, na uuandike waya huo usije ukatumika kwa maiki. Hapo umekata duara la sauti, ethi za umeme zote mbili ziko salama. Tatu, kwa kinanda au gitaa, tafuta kile kisanduku kidogo chenye transfoma ndani, kinachopitisha sauti bila kuunganisha vyuma. Na jenereta ikiwa inaendesha shughuli, mwulize anayeiendesha kama ethi yake imefungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini. Akikujibu "hii haina shida," omba uone fimbo.

Ukishika maiki au bati la miksa ukahisi mchomo mdogo kama sindano, usiseme ni kawaida yake. Zima kwenye jenereta. Tangazo litatolewa kwa mdomo siku hiyo.

Kuna muungurumo mwingine wenye makali zaidi, kama nyuki kwenye mzinga, unaobaki hata ukichomoa maiki zote. Huo mara nyingi unatoka ndani: kapasita kubwa za kisanduku cha umeme cha miksa zimekauka. Mpe fundi. Wewe usikifungue, kwa sababu kapasita hizo zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Lakini kabla hujamlaumu fundi, kama unatumia sola, jaribu miksa hiyo kwenye jenereta. Inveta za bei rahisi hutoa umeme wenye ngazi ngazi, na ngazi hizo husikika kama nyuki vile vile.

Na ile "di-di-dit, di-di-dit" kabla simu haijalia? Miksa hizi zilichorwa kabla watu hawajatembea na simu mfukoni, hazina kinga ya mawimbi hayo. Simu ya mtangazaji ikae mbali na miksa, angalau hatua tatu.

[MUZIKI MFUPI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Tumepokea maswali kwenye sanduku. Mama mmoja kiongozi wa kwaya anauliza: "Mwanangu, tukifungua maiki moja, sauti ya wanawake ni nzuri. Tukifungua ya pili kando yake, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu. Je, maiki zinaoneana wivu?"

Mama, shikamoo. Zinavutana. Plagi ya maiki ina pini tatu. Ya kwanza ni ngao, ya pili na ya tatu zinabeba sauti, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zamani watengenezaji hawakukubaliana ipi isukume. Miksa nyingine ilitumia pini ya pili, nyingine ya tatu. Mwaka 1992 chama cha wahandisi wa sauti, AES, kiliandika kanuni kwamba ni pini ya pili. Mafundi waliozoea mtindo wa kale walifunga waya zao kinyume, na waya hizo bado zipo. Ukiwa na waya mmoja wa kinyume, maiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nzito zinauana. Kama miksa yako ina kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari, kibonyeze kwa maiki moja tu. Kama haina, badilisha waya mmoja, kisha mwingine, mpaka unene urudi. Waya uliouleta ugomvi ufungie kitambaa chekundu.

Kijana anauliza kuhusu kitufe kilichoandikwa +48V. Hicho kinapeleka umeme wa volti 48 kwenye waya za maiki, kwa ajili ya maiki zinazouhitaji. Kwenye miksa nyingi za zamani ni kimoja kwa chaneli zote. Maiki zetu za kawaida za kushika mkononi hazidhuriki kama waya ni mzima. Simu au kompyuta ukiiunga kwenye tundu la maiki wakati kimewashwa, unaweza kuiua. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa maiki yoyote, shusha feda, la sivyo spika zitapiga kishindo. Spika zikizoea vishindo, hazikai muda mrefu. Ndiyo maana pia amplifaya inawashwa mwisho na inazimwa kwanza.

Swali la mwisho ni la kikundi cha vijana ambao wamechanga pesa na wameonyeshwa miksa ya chaneli 16 inayouzwa na mfanyabiashara mjini. Wanauliza wanunue?

Kwanza mwulize: kisanduku cha umeme kiko wapi? Miksa nyingi kubwa hazina umeme ndani, zinatumia sanduku la pembeni lenye waya wa pini nyingi. Husafirishwa mbali mbali, la pembeni linapotea, na miksa inauzwa "nzima kabisa, haijajaribiwa tu." Bila sanduku lile mmenunua meza. Pili, soma nyuma volti ngapi. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya 120, na sisi tuko 230 au 240. Nyingine zina swichi ya kubadilisha, nyingine hazina. Msiiwashe kabla ya kusoma. Tatu, fungua kifuniko cha fyuzi. Mkikuta karatasi ya sigara inayong'aa au waya badala ya fyuzi, mjue kuna kitu kilikuwa kinakata fyuzi mara kwa mara, na muuzaji alichoka kununua.

Kisha iwasheni kwa nusu saa, siyo dakika mbili. Kasoro nyingi huja mashine ikipata joto. Maiki moja, waya mmoja mnaoujua ni mzima, pitisheni chaneli zote 16, mmoja anaongea kwa sauti ya chini, mwingine anaandika. Taa zikiwaka zote lakini sauti inakwaruza kwenye kila chaneli kwa namna moja, upande mmoja wa umeme wa ndani umekufa, kwa sababu miksa inahitaji umeme wa chanya na wa hasi pamoja. Hiyo ni kazi ya kisanduku, inatengenezeka. Chaneli mbili tatu zikiwa kimya, jaribuni plagi kwenye INSERT kabla ya kukata tamaa, na msimwambie muuzaji zimepona mpaka mmekubaliana bei.

[MUZIKI UNAPANDA. MWISHO WA SEHEMU YA UFUNDI]